Moyo wa Kima Uko Mtini

Mwaka 1870 kilichapishwa London kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, Swahili Tales, kilichokusanywa na Edward Steere, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa misheni ya Kiingereza. Imo ndani yake hadithi ya kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu uliotandaza nusu ya matawi yake nchi kavu na nusu juu ya bahari. Kila siku anakula kuyu na kumtupia papa aliye chini, mpaka wakawa marafiki. Papa anamwalika kwao, kima anampanda mgongoni, na walipofika kati ya bahari anaambiwa ukweli: sultani wa huko ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anajibu kwamba lau angeambiwa mapema angeuchukua, kwani kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini. Papa anageuza njia. Kima anapanda mkuyuni na kunyamaza, na anapoitwa ashuke anamuuliza papa kama anamdhania kuwa ni punda wa dobi.

Wenye kukijua Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, wataitambua asili yake mara moja. Huko rafiki wa kima ni kobe wa majini, na moyo unatakiwa kwa ajili ya mke wa kobe. Msimulizi wa Unguja amemgeuza kobe kuwa papa na mke kuwa sultani. Tamaa ameitoa chumbani na kuipeleka barazani kwa mwenye nguvu. Mti wa Kiarabu ulikuwa mtini, naye akauleta nduguye, mkuyu, akautia mizizi ufukweni. Kiswahili kimeongeza mchezo wake bila ya kuombwa, kwani mtini ni jina la mti na papo hapo ni jina la mahali.

Wasimulizi na wasikilizaji wengi husimama kwenye ujanja wa kima. Jibu lake huchukuliwa kuwa ni uongo mzuri uliomwokoa mdhaifu. Lakini jibu hilo, likisomwa na mtu aliyewahi kuwatazama kima wa Unguja, linakuwa na maana nyingine. Kima wanaoishi karibu na Jozani hula majani machanga, machipukizi na matunda mabichi ya miti wanayoijua mmoja mmoja. Ukiukata mti wao, mwili wa kima utabaki unaruka juu ya uzio na paa la nyumba, lakini kilichokuwa kikimuweka hai kimeondoka. Mdanganyifu wa hadithi alisema kweli bila ya kukusudia, na fasihi ya Kiswahili, kwa zaidi ya karne moja na nusu, imekicheka kinywa chake bila ya kuyasikiliza maneno yake.

Kuna sababu ya kutoyasikiliza. Mnyama katika ushairi na nathari ya Kiswahili aghalabu ni vazi la mtu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, manyani wawili wanaochapwa mijeledi kila usiku ni ndugu wawili walioadhibiwa kwa hiana. Unyani wao ni hukumu. Katika diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, Abdilatif Abdalla ana shairi liitwalo “Mamba”, na hakuna msomaji wa Pwani aliyedhani kwamba mshairi aliyekuwa kifungoni alishughulishwa na mnyama wa mtoni. Katika Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anawaingiza popo, bundi na makinda ya ndege katika majumba ya Pate yaliyohamwa, nao wote wanatoa ushahidi mmoja: kwamba binadamu waliojidai wamekwisha. Viumbe hao ni alama ya maangamizi. Hakuna anayeuliza popo wale walikuwa wakila nini.

Si haki kuwalaumu washairi hao kwa fumbo. Fumbo lilikuwa ngao. Mtu asiyeweza kumtaja mtawala humtaja mamba, na msikilizaji hutabasamu kimya kimya akaenda zake na maana mfukoni. Sanaa hii imewatumikia Waswahili tangu zama za Muyaka na kabla yake, na hakuna mhakiki mwenye akili atakayetaka iachwe. Kasoro haimo katika fumbo lenyewe. Imo katika mazoea yaliyozaliwa nalo: kwamba mnyama hana habari yake mwenyewe, kwamba kila akionekana ni lazima nyuma yake yupo mtu. Mazoea hayo yalipotoka kitabuni na kuingia vijijini, yaliua.

Ushahidi wake ni chui wa Unguja. Wataalamu walimtambua kuwa ni wa namna ya peke yake na kumpa jina la kisayansi mwaka 1932. Wenyeji walikuwa wamekwisha kumtazama kwa makini zaidi kabla ya hapo: walitofautisha chui kisutu na chui konge, na jina la kwanza lilikopwa kutoka kwenye nguo ya harusi, kwa ajili ya madoa yake. Jicho lililolifananisha ngozi ya chui na kisutu lilikuwa jicho la mshairi. Hata hivyo imani iliyokuwa na nguvu zaidi ilikuwa nyingine. Ilisemwa kwamba chui hawi chui tu. Ana mwenyewe, anafugwa na mchawi, anatumwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kampeni ya kuwasaka wachawi iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa lakabu ya Kitanzi iliunganishwa na kuwasaka chui. Wataalamu wengi wanaamini kwamba chui huyo alitoweka katika miaka ya 1990. Kamera iliyotegwa mwaka 2018 ilinasa picha ya mnyama aliyedaiwa kuwa ni yeye, lakini picha hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba chui hao wamesalia. Aliyebaki bila ya shaka ni yule wa makumbusho, aliyejazwa na kushonwa.

Kwa macho ya mhakiki, mkasa huu ni kosa la usomaji. Jamii ilimsoma mnyama kama inavyolisoma fumbo, ikamtafuta mtu nyuma yake, na kwa kuwa mtu yule hakuonekana, adhabu ilimshukia yule aliyeonekana. Hasara haikuishia msituni. Tashbihi ina pande mbili. Kisutu cha nguo kingaliko, bibi harusi angali akikijua, lakini upande wa pili umekatika. Mtoto wa leo akiambiwa habari ya chui kisutu hana pa kuupeleka mfano huo isipokuwa kwenye kabati la kioo. Mshairi anayedhani kwamba mambo ya wanyama hayamhusu na aikumbuke hesabu hiyo: kila mnyama anayetoweka huondoka na sehemu ya lugha.

Kima naye ana kesi yake, na kesi yake imo ndani ya jina. Huyu ni yule mwekundu wa mgongoni, mweupe wa tumboni, mwenye nywele zilizosimama kuzunguka uso mweusi, asiyepatikana kokote duniani isipokuwa visiwani Zanzibar. Watu humwita kima punju, na punju ni sumu. Ilisemwa kwamba mti anaokula hufa, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Tusi hili lilikuwa na faida yake ya kificho, kwa kuwa mnyama anayedhaniwa kuwa na sumu hatamaniwi na mwenye njaa. Lakini mwenye mnazi alilichukua tusi lile lile kuwa ni hukumu: kima hula vidaka, basi kima anakula nazi.

Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliowachunguza kima hao kwa miaka, walichapisha mwaka 1999 matokeo ya uchunguzi wa minazi yenyewe. Waligundua kwamba pale kima walipokula vidaka vingi zaidi, mavuno ya mwisho yalielekea kuongezeka, wala hayakupungua. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na wingi wao huanguka wenyewe. Anayevipunguza mapema huenda anaupa mti nafasi ya kuvikuza vilivyobaki. Mkulima wa Kiswahili ana majina ya kila daraja ya tunda hilo, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na lugha hiyo ingeweza kulieleza jambo hili kwa usahihi kuliko lugha yoyote. Haikulieleza, kwa sababu ilikuwa imekwisha kutoa hukumu kwa neno moja.

Kuna jambo jingine, lililoandikwa na watafiti hao mwaka 1997, ambalo mshairi wa kejeli angelitoa sadaka ya macho ili alipate. Kima punju hula makaa. Wale wanaoishi karibu na mashamba hula majani ya mwembe na ya mkungu, ambayo yana lishe nzuri lakini pia yana dawa zinazozuia usagaji wa chakula; basi huokota makaa palipochomwa kuni, hata kwenye matanuri, wakayatafuna ili yanyonye ule ukali. Mama hula, na mtoto humuangalia akajifunza. Aliyeitwa sumu ndiye mganga wa sumu. Wamepita Jozani watunzi wengi wa mashairi, na wameandika kuhusu kijani cha msitu na utulivu wa kivuli, mambo yanayoweza kusemwa juu ya msitu wowote. Makaa wameyaacha.

Si kwamba mkulima hana haki. Shamba la mtu maskini haliliwi na nadharia, na anayepoteza migomba au mboga zake kwa ajili ya mnyama anayewafurahisha wageni ana neno la kusema. Ndiyo maana sehemu ya kiingilio cha wageni imekuwa ikirudishwa kwa vijiji na kwa wenye mashamba jirani. Utaratibu huo umeleta ubishi wake, lakini umekubali jambo la msingi, kwamba kima na mwenye shamba wako katika suala moja, nalo ni la ardhi.

Na ardhi ndiyo mkuyu wa hadithi. Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inaitamka ardhi yote ya asili kuwa ni ya umma, ikiwa mikononi mwa Rais. Lakini kabla ya sheria hiyo, watu wa kusini na mashariki ya Unguja walikuwa na msamiati wao wa mali ya wote. John Middleton, aliyeandika juu ya umiliki wa ardhi visiwani mwaka 1961, aliyakuta maneno hayo yakifanya kazi: kiambo, kitongo, msitu, uwanda. Uwanda ni ile nchi ya maweni isiyoota mikarafuu wala minazi kwa wepesi, inayoonekana ya bure kwa mgeni, ilhali ndimo zilimotoka kuni, chokaa, dawa na mawindo. Haikuwa ya mtu, wala haikuwa ya ovyo. Walikuwapo watu wanne wa mji wa kuamua, na alikuwapo mvyale, aliyejua mzimu uko wapi na anayetaka kufyeka aanze kwa ruhusa gani.

Mpangilio huo haukuwa pepo. Paa waliwindwa kwa mbwa na nyavu, na paa nunga, mnyama wa vichaka vya pwani aliye adimu hata huko Kenya anakopatikana pia, alifikia hali ambayo baadhi yao walihamishiwa kisiwa cha Chumbe ili wanusurike. Lakini neno uwanda lilibeba wajibu ndani yake. Lilipoanza kusahauliwa, nchi ile ile ikaitwa pori, na pori halina mwenyewe wa kuombwa. Likishaitwa pori, huchimbwa mawe, huchomwa makaa, hupimwa viwanja, na hukodishwa kwa hoteli bila ya mtu kuhisi kwamba kuna aliyeulizwa akakataa.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina takriban kilomita za mraba 50, kuanzia miti mikubwa ya kinamasi hadi mikoko ya ghuba. Mwaka 2016 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za uhai. Sensa ya kima ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017 ilikadiria kuwapo zaidi ya 5,800, takriban mara tatu ya ilivyodhaniwa. Habari hiyo ni njema, ila ilikuja na nyingine: katika maeneo manne kima wamekwisha kabisa, na watoto wengi hawafiki ukubwani. Mnyama asiyejua mpaka wa hifadhi umeandikwa wapi hutegemea pia vichaka vilivyo nje yake, yaani uwanda ule ule. Hata barabara ilitoa somo. Ilipotiwa lami karibu na Jozani, wastani wa kima mmoja alikuwa akiuawa na gari kila wiki mbili au tatu. Yalipowekwa matuta, wastani ukashuka hadi mmoja kwa wiki sita. Matuta machache ya lami yalifanya ambalo mashairi mengi ya mazingira hayakulifanya.

Mashairi hayo yanastahili kutazamwa bila ya huruma ya bure. Kila ifikapo siku ya mazingira hutungwa beti za kuhimiza, zenye vina vilivyonyooka na mizani kamili, zikiwataka wananchi wahifadhi mazingira, watunze misitu na wapende viumbe. Mtu anaweza kuzisoma beti ishirini asikute jina la mti mmoja. Msamiati wake, bayoanuwai, mfumo ikolojia, matumizi endelevu, umetoka moja kwa moja kwenye ripoti za miradi, na umetafsiriwa na watu waliokuwa na haraka. Mwanakijiji anayesomewa beti hizo anatambua kwamba hazikutungwa kwa ajili yake. Anapiga makofi kwa adabu.

Ajabu ni kwamba moja kati ya maneno hayo lilikuwa na utajiri usiotumika. Kuhifadhi, kabla ya kuwekwa kwenye mabango ya misitu, lilikuwa neno la chuoni. Mtoto aliyehifadhi juzuu ameitia moyoni. Anaweza kuisoma gizani, anajua aya ipi inafuata ipi, na akikosea herufi moja mwalimu hushtuka. Hapo kuhifadhi ni kujua kwa moyo, na ulinzi ni matunda ya kujua huko. Bango la msituni limelichukua neno hilo na kulipunguza mpaka likawa katazo. Mfasiri asingelaumiwa kwa neno alilolichagua, kwani alichagua vyema. Analaumiwa kila aliyelipokea bila ya kukumbuka lilikotoka. Msitu uliohifadhiwa, kwa maana kamili ya neno, ungekuwa msitu ambao watoto wa Pete na Chwaka wanaweza kuitaja miti yake kwa mpangilio, kama wanavyozitaja sura.

Kwamba jambo hili linawezekana kunaonekana Pemba. Popo wakubwa wa kisiwa hicho, wala matunda, wasiopatikana pengine popote, walikuwa wakiliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba wamebaki elfu chache tu. Mwaka 1996 walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Vilabu vya vijiji vikaanzishwa, kama kile cha Kidike. Wanakijiji wakaanza kuwahesabu popo kwenye miti yao na kuijua saa yao ya kuondoka. Muongo mmoja baadaye hesabu zilikuwa zimepita 20,000, na mwaka 2008 daraja lao la hatari likateremshwa. Popo hao hueneza mbegu za miti ya msituni, na kwa hivyo yule aliyekuwa alama ya magofu katika utenzi mkuu wa kaskazini, hapa ni mpanzi. Mshairi wa Pate hakukosea kuhusu Pate. Ni warithi wake waliokosea, walipodhani kwamba popo amekwisha kuelezwa.

Ushairi wa Kiswahili hautakiwi kuacha fumbo wala kugeuka kuwa taarifa ya bwana misitu. Unatakiwa kumpa mnyama kwanza haki ya kuwa yeye, kisha ndipo umkope. Fumbo la mtu anayemjua kima kwa makaa yake, kwa mkungu wake na kwa mtoto wake anayejifunza kwa kutazama litakuwa kali kuliko la mtu anayemjua kwa tusi tu. Washairi wa bahari wamekwisha kuthibitisha hili: mabaharia na wavuvi waliotunga waliijua miongo ya maji na majina ya pepo, na ndiyo maana mawimbi yao yanalowesha. Nchi kavu ya visiwa, pamoja na uwanda wake, bado haijapata wa kuilowesha hivyo.

Hadithi ya Steere ina hadithi nyingine ndani yake, ile ya punda wa dobi ambayo kima alimsimulia papa kutoka juu ya mti. Punda alivutwa kwa maneno matamu hadi kwa simba, akarukiwa, akajeruhiwa, akaponyoka. Baada ya siku kupita, sungura akamwendea tena kwa maneno yale yale, naye akarudi. Safari hii hakuponyoka. Simba alipoutaka moyo na masikio, sungura, aliyekuwa amekwisha kuvila, alimjibu kwamba punda huyu hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Unguja ilimwendea simba mara moja, ikamwacha huko chui wake. Paa nunga na kima bado wapo, na uwanda wao bado haujapimwa wote. Anayeitwa tena kwa maneno matamu hana budi kuonesha kama ana moyo, na kama ana masikio.